Fomu ya IPCAF: bure, kali, na inamfaa aliyepewa uratibu bila meza

Barua ya kumteua mratibu wa kinga na udhibiti wa maambukizi, IPC kama wenyewe wanavyoiita, huwa fupi: jina, tarehe, saini ya daktari dhamana. Haisemi saa ngapi kwa wiki, haisemi fedha zitatoka fungu lipi, wala nani atashika zamu wodini wakati mratibu yuko kwenye ukaguzi. Muuguzi aliyelala jana na wodi ya wazazi, leo kaamka na wodi ya wazazi pamoja na maambukizi ya hospitali nzima. Chombo tunachokipima hapa ndicho tungemkabidhi mtu huyo wiki ya kwanza, kabla ya kozi, kabla ya mabango, kabla ya fulana.

Ni fomu ya kujipima inayoitwa IPCAF, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2018. Inashushwa bure mtandaoni, inachapwa kurasa chache, inajazwa kwa kalamu. Maswali yake yamejengwa juu ya mwongozo wa shirika hilo wa 2016 wenye sehemu kuu nane: programu yenyewe ya IPC, miongozo, mafunzo, ufuatiliaji wa maambukizi yanayopatikana hospitalini, mbinu zinazotumika kwa pamoja, ukaguzi na mrejesho, wingi wa kazi na wagonjwa kitandani, na mwisho majengo, maji na vifaa. Kila sehemu ina alama 100, jumla 800. Kuanzia 0 hadi 200 hali hairidhishi, 201 hadi 400 ni ya msingi, 401 hadi 600 ya kati, 601 hadi 800 ya juu. Imekusudiwa hospitali zinazolaza wagonjwa. Mwenye kituo kidogo cha afya asijitese nayo. Masharti ya chini ambayo WHO iliyatoa 2019 yanamtosha, maana yametenganishwa kwa ngazi.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imepotelea kwenye ndoo ya deki, na tutafika huko.

Sehemu ya kwanza ndiyo inayoibeba fomu nzima kwa mtu anayeanza uongozi. Ina maswali kumi. Inauliza kama ipo programu yenye malengo na mpango wa kazi wa mwaka, kama ipo timu au mtu mmoja tu, kama timu ina daktari na muuguzi wote wawili, kama ipo kamati, na kama wakubwa wa hospitali wamo kwenye kamati hiyo. Kisha linakuja swali la mtu wa kazi ya wakati wote. Hospitali isiyo na mtaalamu inapata 0. Yenye mtu wa saa za kuibia inapata 2.5. Yenye mtu wa wakati wote lakini vitanda vyake vinazidi 250 inapata 5, na yenye mmoja kwa kila vitanda 250 au pungufu inapata 10. Swali linalofuata ni fupi: mtu huyo ametengewa muda wa IPC? Hapana ni 0, ndiyo ni 10. Hakuna katikati.

Hapo ndipo mratibu mpya anapopata ulimi. Akienda kwa mkubwa wake akasema kazi imemzidi, atapewa pole. Akienda na karatasi inayoonesha kwamba swali la muda limepata sifuri kati ya kumi, na tiba yake ni siku mbili kwa wiki zilizoandikwa kwenye orodha ya zamu kwa jina lake, mazungumzo yanabadilika. Hakuna aliyelaumiwa, fomu ndiyo iliyouliza. Vivyo hivyo swali la tisa, linalotaka kujua kama uongozi unaunga mkono: alama 5 ni kwa bajeti iliyotengwa kwa IPC peke yake, na 5 nyingine ni kwa uungaji mkono unaoonekana, kama kuliweka suala hili kwenye vikao vya uongozi na mizunguko ya wodini. Msiandike ndiyo kwa sababu klorini hununuliwa kila mwezi. Klorini ikitoka kwenye fungu la usafi wa jumla, hiyo si bajeti ya IPC, na alama 5 hizo hazipo.

Kwa hospitali zetu ndogo za Zanzibar swali la vitanda 250 linakaa vibaya. Hospitali kubwa ya rufaa kama Mnazi Mmoja, yenye vitanda kwa mamia, inalielewa mara moja. Zile zilizoanza kama koteji, yaani hospitali ndogo za vijijini, haziwezi kumtoa muuguzi mmoja kati ya wachache zilionao akae IPC asubuhi mpaka jioni, na wala si busara. Wao wachukue 2.5 yao bila aibu, nguvu waziweke kwenye swali la muda uliotengwa, ambalo hata mtu wa siku mbili kwa wiki anaweza kulijibu ndiyo kamili.

Lipo na tatizo la lugha. Fomu tunayoizungumzia ni ya Kiingereza, na timu ikiisoma kwa haraka neno la programu hugeuka "mpango", na mpango kila mtu anao, umebandikwa ukutani. Kinachoulizwa ni zaidi ya karatasi: malengo, watu, shughuli za mwaka na vipimo vya kujua kama zimefanyika. Mratibu atafsiri maswali magumu usiku mmoja kabla, ayaandike pembeni kwa penseli, ili kikao kisigeuke darasa la Kiingereza.

Sehemu ya pili, ya miongozo, ina mtego wa kwetu. Afya si jambo la Muungano. Mwongozo uliochapishwa na wizara ya Bara ni mzuri kuusoma, lakini kuwa nao kabatini hakujibu swali la kufuata mwongozo wa taifa. La kuangalia ni kile kinachotoka Wizara ya Afya Zanzibar, na kama hospitali imekifanyia taratibu zake za ndani. Angalieni jalada na mwaka kabla ya kutia tiki. Nakala ya tatu ya nakala, isiyo na jalada, tusiihesabu.

Ujazaji wenyewe ufanyike hivi. Watu wanne au watano: mratibu, mkuu wa wauguzi, daktari mmoja, mtu wa maabara, na anayeshughulikia usafi au afya ya mazingira. Mtunza stoo aitwe kwa sehemu ya nane. Kila mmoja ajaze nakala yake peke yake kwanza, nusu siku, huku akipita wodini. Nusu siku ya pili wakae pamoja, na kila swali walilotofautiana lisimame mpaka mtu alete ushahidi: daftari, risiti, orodha ya mahudhurio, picha ya chumba bila mgonjwa ndani. Wakikosa ushahidi wachague jibu la chini. Kanuni hii ni chungu, lakini bila yake fomu ni kazi bure, kwa sababu anayejipima ndiye anayejisahihishia.

Mfano wa jinsi inavyoharibika. Tuseme hospitali imepata 85, 60, 55, 0, 35, 40, 60 na 62.5 kwenye sehemu zake nane. Jumla ni 397.5, hali ya msingi. Sasa tazama swali la maji kwenye sehemu ya nane. Maji yakipatikana chini ya siku tano kwa wiki ni 0. Yakipatikana siku tano au zaidi, au kila siku lakini hayatoshi, ni 2.5. Yakipatikana kila siku na kutosha kwa kunawa, kunywa, kuoga, kufulia, kusafisha na kuchemsha vifaa, ni 7.5. Timu ilitia 2.5. Mtu mmoja akasema tangi limejaa leo, tuandike 7.5. Jumla ikawa 402.5, na hospitali ikaruka kutoka msingi kwenda kati kwa sababu ya tangi la siku moja. Wakati huo sehemu ya nne, ufuatiliaji wa maambukizi, bado ni sifuri iliyokaa pale pale, na hakuna anayeiona kwa sababu kila mtu anashangilia neno "kati".

Kwa hiyo jumla msiitangaze. Tangazeni sehemu nane, kila moja na namba yake, na ile ya chini kabisa iwe juu ya karatasi. Kuhusu maji, jibu lisitoke kinywani mwa mtu. Wekeni karatasi kwenye mifereji mitatu, wodi ya wazazi, upasuaji na wodi ya watoto, na muuguzi wa kila zamu atie alama kama maji yalitoka saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Wiki mbili zinatosha. Mfereji wa ghorofani na wa chini havitoi jibu moja, na hilo peke yake ni habari. Umeme nao vivyo hivyo: visiwa hivi vinakula umeme wa nyaya za chini ya bahari kutoka Bara, na Unguja inakumbuka miezi mitatu ya giza tangu Desemba 2009. Swali ni kama umeme upo usiku na mchana. Jenereta isiyo na mafuta si jibu.

Swali la sehemu za kunawia lina ngazi kama hizo. Beseni lipo lakini sabuni na maji havina uhakika, 2.5. Vipo na vina uhakika, 7.5. Ndoo ya mfereji inakubalika, ila iwe na kifuniko, beseni la kupokea maji machafu, na mtu ambaye jina lake liko kwenye orodha ya kuijaza. Ndoo isiyo na jina la mtu hukauka kabla ya saa nne asubuhi.

Kitakasa mikono kinaweza kutengenezwa na famasi ya hospitali kwa kanuni ya WHO, na hapa fomu inampa mratibu sababu ya kwenda kuzungumza na mfamasia. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotoneshwa mpaka ifike lita 10. Kikishafungwa kikae saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizoingia na chupa. Wanaokosea hukosea mambo matatu: wanatumia ethanoli ya asilimia 70 wakaizimua zaidi kwa maji, wanaongeza gliserini ili mikono ilainike na matokeo yake inanata na watu wanaacha kukitumia, au wanajazia chupa kuukuu juu kwa juu bila kuziosha. Mtumishi akiuliza kuhusu pombe, ajibiwe kwa heshima na kwa ukweli: hiki ni cha nje ya mwili na hakinyweki, na ipo kanuni ya pili yenye isopropili ya asilimia 99.8, mililita 7515, na vilivyobaki vilevile.

Sehemu ya sita, ukaguzi na mrejesho, ndiyo shule halisi ya mratibu. Inadai hospitali ipime utakasaji wa mikono, na kuupima ni ufundi. Nyakati tano zinajulikana: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuweka kanula, baada ya hatari ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Watu wetu wamezoea nyakati tano nyingine, na mwenye kufundisha hupata wepesi wa kuanzia hapo, ila aweke wazi mapema kwamba udhu wa adhuhuri hauhesabiki kwa mgonjwa wa saa saba mchana.

Mkaguzi akae wodini kama dakika 20, aandike nafasi alizoziona na matendo yaliyofanyika. WHO hupendekeza kama nafasi 200 kwa wodi katika kipindi kimoja ili kulinganisha kuwe na maana. Wodi ndogo ikusanye kwa wiki kadhaa. Nafasi 200, matendo 84, ni asilimia 42. Lakini asilimia moja ya jumla haimfundishi mtu. Igawe kwa nyakati tano, na mara nyingi utakuta "baada" iko juu na "kabla" iko chini. Maana yake mikono inasafishwa kumlinda mtumishi, mgonjwa anasubiri. Namba hiyo iandikwe kwenye ubao wa wodi ndani ya wiki moja, bila majina. Ikikaa kwenye kompyuta ya mratibu mpaka ripoti ya robo mwaka, swali la mrejesho lijibiwe hapana. Na kwa kuwa watu hunawa zaidi wakitazamwa, pimeni na matumizi: lengo linalotumika ni angalau lita 20 za kitakasa kwa kila siku-wagonjwa 1000. Wodi ya vitanda 25 iliyojaa siku 30 ina siku-wagonjwa 750, kwa hiyo lita 15. Daftari la stoo likionesha lita 3, na ukaguzi ukasema asilimia 80, mwaminini mtunza stoo.

Sasa ile nyota iliyopotea. Fomu inauliza kama kuna kumbukumbu za usafi zilizotiwa saini kila siku. Haiulizi ndani ya ndoo kuna nini, na kwetu hapo ndipo mambo huharibikia. Saini zote zipo, sakafu inang'aa, klorini imekufa. Jiki ya asilimia 3.5 ikitakiwa iwe asilimia 0.5 ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji: kikombe kimoja, vikombe sita, kikombe kilekile. Klorini ya unga ya asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita, yaani kama gramu 71 kwa ndoo ya lita 10. Ichanganywe kila asubuhi, iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua, na iliyobaki imwagwe baada ya saa 24. Damu ifutwe na sehemu ioshwe kwa sabuni kwanza, maana uchafu huila klorini kabla haijagusa vijidudu. Stoo ya bati inayochemka mchana huipunguza nguvu chupa ambayo haijafunguliwa, kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa iangaliwe, si ya kuisha tu. Mratibu aongeze mstari wake mwenyewe chini ya fomu: nani alichanganya, saa ngapi, kwa kipimo gani, na nani alimwona.

Mchanganyaji mwenyewe huachwa nje ya mafunzo, na hapo fomu iko sawa kabisa. Sehemu ya tatu inawauliza wasafishaji kwa swali lao, mbali na wauguzi na madaktari. Wengi hujibu kwa mazoea kwamba watumishi wamefundishwa. Tafuteni orodha ya mahudhurio. Kama wasafishaji ni wa kampuni ya nje, na wanabadilika kila mkataba unapobadilika, jibu la mwaka jana limekufa na watu wake.

Ufuatiliaji, sehemu ya nne, hautaki papara. Hospitali isiyo na maabara ya kuotesha vijidudu ichague jambo moja linaloonekana kwa macho, kwa mfano vidonda vya upasuaji wa kujifungua, ihesabu mwezi baada ya mwezi kwa maelezo yasiyobadilika ya nini kinaitwa maambukizi. Bila idadi ya waliopasuliwa, idadi ya vidonda haina kazi. Pemba wana Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, na ukaribu huo ni neema. Hata hivyo swali la maabara, lililoko sehemu ya kwanza, linatofautisha ipo na inategemewa: matokeo yakirudi mgonjwa keshatoka, ni alama 5, si 10, na mara nyingi kosa liko kwenye usafiri wa sampuli. Panga siku za gari kwanza.

Kwa upande wa kazi na vyeo, fomu hii haina cheti. Atakayeijaza vizuri miaka miwili mfululizo, mwenye mabadiliko ya namba na ushahidi wake, ana la kuweka mezani siku ya usaili kuliko mwenye vyeti vitano vya semina za siku moja. Aiambatanishe na orodha ya ujuzi wa wataalamu wa IPC iliyotolewa na WHO mwaka 2020, ajipime mstari kwa mstari, kisha ndipo atafute kozi ya pale palipopungua. WHO wana kozi za bure mtandaoni, ikiwemo ya uongozi na usimamizi wa programu za IPC, nayo tungeitanguliza. Cheti cha kimataifa cha wataalamu wa IPC, kinachoitwa CIC, ni hatua ya baadaye: maswali 150 kwa saa tatu, ambapo 135 ndiyo yanayohesabiwa, kinadumu miaka mitano, kinalipiwa kwa dola. Mitaala yake inadhani hospitali ina maabara na maji. Anayekikimbilia kabla hajajua kuhesabu siku-wagonjwa za wodi yake atatumia fedha nyingi kujifunza maneno.

Rudieni fomu kila baada ya mwaka, mwezi uleule, na timu ileile kadiri inavyowezekana. Iliyojazwa kiangazi isilinganishwe na iliyojazwa masika, maana swali la maji na la msongamano wodini havitakuwa na jibu moja. Nakala iliyosainiwa ikae kwenye faili la karatasi kwa mkuu wa wauguzi, si kwenye simu ya mratibu, kwa sababu mratibu akihamishwa, simu huondoka naye.